Rudolf Diesel: Aliyeuacha mtambo wake mikononi mwa mafundi

Dizeli ni neno ambalo kila dereva, utingo na fundi wa gereji hulitamka mara nyingi kwa siku. Wengi hulichukulia kuwa jina la mafuta tu, kama petroli au mafuta ya taa. Lakini Diesel alikuwa mtu: mhandisi Mjerumani aliyezaliwa Ufaransa, akaishi miaka 55 na kufa katika mazingira yanayozua maswali hadi leo. Katika makala haya tunayafuatilia maisha yake, na tunaeleza kwa nini mwenye lori kuukuu anayelitengeneza uani kwake bado anapambana na mambo yaleyale matatu yaliyomsumbua Rudolf Diesel zaidi ya miaka 130 iliyopita: hewa inayovuja, mafuta yasiyofika inavyotakiwa, na joto.

Mtoto wa Paris aliyehamishwa na vita

Rudolf Diesel alizaliwa mjini Paris tarehe 18 Machi 1858. Baba yake, Theodor, alitoka Augsburg, mji wa Bavaria kusini mwa Ujerumani, na alikuwa fundi wa kujalidi vitabu na kushona bidhaa za ngozi. Mama yake, Elise, alizaliwa Nuremberg. Haikuwa familia tajiri. Rudolf, mtoto wa pili kati ya watatu, alianza mapema kumsaidia baba yake kwa kupeleka bidhaa za ngozi kwa wateja akisukuma mkokoteni.

Karibu na nyumbani kwao palikuwa na jumba la makumbusho ya ufundi, ambako kijana huyo alipenda kwenda kutazama na kuchora mashine. Humo mlikuwa na gari la mvuke lililoundwa na Mfaransa Joseph Cugnot karibu miaka 100 kabla ya hapo, kwa ajili ya kuvuta mizinga ya jeshi. Ni miongoni mwa magari ya kwanza kabisa duniani kujiendesha yenyewe, na kazi yake ilikuwa ya lori: kubeba mzigo mzito.

Mwaka 1870 vita vilizuka kati ya Ufaransa na Prussia. Familia ya Diesel, kama Wajerumani wengine waliokuwa Paris, ililazimika kuondoka, ikakimbilia London. Maisha yalikuwa magumu huko, na kabla vita havijamalizika wazazi wakaamua kumtuma Rudolf, akiwa na umri wa miaka 12 tu, aende Augsburg kuishi na ndugu wa baba yake. Mwenyeji wake, Christoph Barnickel, alikuwa mwalimu wa hisabati. Katika nyumba ile kijana alipata utulivu na masomo, na alipofikia miaka 14 aliwaandikia wazazi wake kwamba ameamua kuwa mhandisi.

Alimaliza shule ya ufundi akiwa wa kwanza darasani. Mwaka 1875 akapata ufadhili wa kusoma katika chuo cha ufundi cha Munich. Huko alifundishwa na Carl von Linde, bingwa wa mashine za kutengeneza barafu. Katika somo moja, Linde aliwaeleza wanafunzi kwamba injini za mvuke, ambazo wakati huo ziliendesha viwanda, treni na meli, zilipoteza karibu joto lote la makaa ya mawe. Kati ya sehemu 100 za joto, sehemu kama 10 tu au pungufu ndizo zilizogeuka kuwa kazi. Zilizobaki zilipotea hewani. Jambo hilo lilimkaa Diesel kichwani, na tangu hapo hakuacha kutafuta injini isiyofuja joto.

Mwaka 1879 aliugua homa ya matumbo, akakosa mtihani wa mwisho. Akisubiri nafasi nyingine, alikwenda Winterthur nchini Uswisi kufanya kazi kwa mikono katika karakana za kampuni ya Sulzer. Januari 1880 akafanya mtihani na kufaulu kwa alama za juu kabisa. Kisha akarudi Paris kufanya kazi katika kiwanda cha mashine za barafu za mwalimu wake, ambako alifunga mitambo, akaikagua na kuitengeneza, na baada ya muda mfupi akawa mkuu wa kiwanda. Mwaka 1883 alimwoa Martha Flasche. Walipata watoto watatu: Rudolf, Hedy na Eugen.

Moto bila kiberiti

Ili kuelewa alichokuwa akikitafuta Diesel, mfikirie mtu anayejaza upepo tairi la baiskeli kwa pampu ya mkono. Baada ya muda, bomba la pampu huwa la moto. Hewa ikibanwa haraka hupata joto, na ikibanwa zaidi joto huzidi.

Watu wa Kusini Mashariki mwa Asia walilijua jambo hili zamani. Walikuwa na kifaa kidogo cha mwanzi au pembe chenye kijiti kinachozibana vizuri tundu lake. Ukikisukuma kijiti kwa kishindo, hewa ya ndani hupata joto la kutosha kuwasha ufumwele uliowekwa chini yake. Inasimuliwa kwamba Diesel alikiona kifaa cha namna hiyo, kilichotengenezwa kwa kioo, wakati wa masomo yake.

Kwanza alijaribu kuunda injini inayotumia mvuke wa amonia, gesi aliyoizoea kutokana na kazi ya barafu. Alihangaika nayo kwa miaka kadhaa bila mafanikio. Mwaka 1890 alihamia Berlin na familia yake, na hapo ndipo wazo jipya lilipokomaa: kubana hewa tupu ndani ya silinda hadi iwe ya moto sana, kisha kuyaingiza mafuta kidogokidogo yawake yenyewe. Pasiwe na cheche, pasiwe na moto wa nje. Mwezi Februari 1892 aliomba hataza, akaipata mwaka uliofuata, na mwaka huohuo wa 1893 akachapisha kitabu cha kueleza nadharia yake.

Hii ndiyo tofauti kubwa kati ya lori la dizeli na gari la petroli. Injini ya petroli ina plagi za kutoa cheche. Katika injini ya dizeli ya lori la kawaida, hewa hubanwa hadi ibaki sehemu moja kati ya 16 mpaka 20 za ujazo wake, na joto lake hupita nyuzi 500 za Selsiasi. Ndiyo maana katika malori mengi ya zamani injini huzimwa kwa kuvuta waya unaokata mafuta: hakuna cheche ya kuzima. Na ndiyo maana lori la aina hiyo likishawaka linaweza kuendelea na safari hata betri ikifa.

Miaka minne ya majaribio

Nadharia ilikuwa tayari, lakini nani angeijenga injini yenyewe? Baada ya kukataliwa mwanzoni, Diesel alikubaliwa na Heinrich von Buz, mkurugenzi wa kiwanda cha mashine cha Augsburg, mji uleule alikokulia. Kampuni ya Krupp ya Essen nayo ikaingia katika makubaliano na kuchangia gharama. Hapo ndipo ilipoanza kazi iliyochukua miaka minne na ambayo kila fundi ataitambua.

Injini ya kwanza ilikuwa na silinda moja iliyosimama wima. Ilipozungushwa kwa mkanda wa karakana, hewa haikubanwa kama ilivyokokotolewa kwenye karatasi. Ilivuja kwenye pistoni na kwenye valvu. Tarehe 10 Agosti 1893 mafuta yaliingizwa kwa mara ya kwanza. Yaliwaka kwa kishindo kikubwa mno, na kifaa cha kupimia shinikizo kikapasuka, vipande vikaruka karakanani. Kwa bahati nzuri hakuna aliyeuawa. Injini haikujiendesha, lakini jambo moja lilithibitika: mafuta yaliwaka bila cheche.

Diesel na mafundi wake waliifungua, wakabadilisha pistoni, wakatafuta namna bora ya kuziba, wakaifunga tena. Tarehe 17 Februari 1894 injini ilizunguka kwa nguvu zake yenyewe kwa takriban dakika moja. Inasimuliwa kwamba wa kwanza kuligundua hilo alikuwa fundi aliyekuwa juu ya mtambo. Aliona mkanda uliokuwa ukiivuta injini umelegea upande mmoja na kukaza upande mwingine, maana yake injini sasa ndiyo iliyokuwa inauvuta mkanda. Alivua kofia yake kimya.

Bado kulikuwa na tatizo la joto. Diesel aliamini mwanzoni kwamba injini yake, kwa kuwa haitapoteza joto jingi, haitahitaji maji ya kupoza. Chuma kilimwonyesha vingine, na injini zilizofuata zikawekewa maji. Tatizo la tatu lilikuwa mafuta. Kuyaingiza ndani ya silinda yenye hewa iliyobanwa kiasi kile kulihitaji nguvu kubwa, na ilibidi yaingie yakiwa ukungu mwembamba. Diesel alilitatua kwa kutumia hewa nyingine iliyobanwa zaidi, iliyoyapuliza mafuta ndani. Njia hiyo ilifanya kazi, lakini ilihitaji kompresa kubwa na nzito.

Tarehe 17 Februari 1897, miaka mitatu kamili baada ya dakika ile moja, Profesa Moritz Schröter wa Munich alifika Augsburg kuipima injini mpya rasmi. Ilitumia mafuta ya taa na kutoa nguvu za farasi karibu 20. Matokeo yalionyesha kwamba asilimia 26.2 ya joto la mafuta iligeuka kuwa kazi, zaidi ya maradufu ya injini za mvuke za kawaida. Injini hiyo, yenye urefu wa kwenda juu wa kama mita 3, imehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Deutsches Museum mjini Munich.

Matatizo matatu ya mwenye lori

Tuyaache kidogo maisha ya Diesel tuangalie lori kuukuu lililoegeshwa uani. Mengi yanayolisumbua ni urithi wa miaka ile minne.

La kwanza ni mbano wa hewa. Ringi za pistoni zikichakaa, au valvu zisipokaa vizuri, hewa huvuja na joto la kuwasha mafuta halipatikani. Lori huwa gumu kuwaka asubuhi, hasa penye baridi, na moshi mweupe hutoka wakati stata inazunguka. Kipimo rahisi cha nyumbani ni kufungua mfuniko wa kujazia oili injini ikiwa inaunguruma taratibu. Hewa na moshi vikipuliza hapo kwa nguvu, ringi au silinda zimeliwa. Moshi wa bluu kwenye ekzosi unaeleza hadithi hiyohiyo: oili inaungua.

La pili ni mafuta. Hewa kidogo ikiingia kwenye mabomba ya mafuta, pampu hushindwa kusukuma, kwa sababu hewa hubanika na mafuta hayabaniki. Tiba yake ni kulegeza skrubu ya kutolea hewa kwenye filta na kusukuma pampu ndogo ya mkono mpaka mafuta yatoke bila mapovu, ndipo skrubu ikazwe. Maji yanayokaa chini ya filta yamwagwe mara kwa mara, na filta yenyewe ibadilishwe kwa wakati. Moshi mweusi huonyesha kwamba mafuta ni mengi kuliko hewa. Aanze na filta ya hewa, ambayo ni rahisi kuikagua, kabla hajazilaumu nozeli.

Nozeli na pampu ya kusukumia mafuta zinahitaji tahadhari. Vyuma vya ndani ya pampu hiyo vimeachana kwa nafasi ya elfu chache tu za milimita, kwa hiyo chembe moja ya vumbi inatosha kuviharibu. Hakuna sababu ya kuifungua chini ya mwembe. Ipelekwe kwa fundi wa pampu mwenye vifaa vya kupimia. Na nozeli inapojaribiwa, mkono usikaribie mbele yake hata kidogo. Mafuta yanayotoka humo yana shinikizo la kupenya ngozi, na jeraha linaloonekana dogo kama la sindano linaweza kumpotezea mtu kidole au mkono. Anayechomwa hivyo aende hospitali mara moja, hata kama hasikii maumivu.

La tatu ni joto. Rejeta iliyoziba, mkanda wa feni uliolegea au pampu ya maji inayovuja huweza kupindisha silinda hedi na kuunguza gasketi. Kukagua maji kila asubuhi kabla ya kuwasha, injini ikiwa ya baridi, ni kazi ya dakika mbili. Mfuniko wa rejeta usifunguliwe injini ikiwa ya moto, kwani maji huruka na kuunguza.

Biashara ilipoutangulia ufundi

Baada ya kipimo cha 1897, Diesel alikuwa mtu maarufu. Makampuni ya nchi mbalimbali yalipigania leseni. Tajiri wa bia wa Marekani, Adolphus Busch, alilipa alama milioni moja za Kijerumani kwa haki ya kuunda injini hizo nchini mwake. Mwaka 1898 kampuni iliyoanzishwa kusimamia hataza ilimlipa Diesel alama milioni 3.5, sehemu kubwa ikiwa hisa. Akajenga jumba la kifahari mjini Munich.

Lakini injini ilikuwa bado changa. Ile ya kwanza kuuzwa ilifungwa mwaka 1898 katika kiwanda cha viberiti huko Kempten, kusini mwa Ujerumani, na ilisumbua sana. Wanunuzi wengine walikutana na hali hiyohiyo. Injini iliyokwenda vizuri Augsburg mbele ya mafundi walioizoea ilikataa ilipofika kwa watu wasioijua. Kiwanda kipya kilichoanzishwa Augsburg kwa ajili ya injini za Diesel hakikudumu. Waliouokoa mtambo ni mafundi wa viwanda, waliotengeneza kasoro moja baada ya nyingine mpaka wateja wakaanza kuuamini.

Wakati huohuo Diesel alikabiliwa na kesi za hataza na wapinzani waliodai wazo halikuwa lake. Mwaka 1898 afya yake ilivunjika kwa uchovu, akalazwa katika nyumba ya matibabu. Fedha zake nazo zilianza kupungua. Alinunua ardhi kwa matumaini ya kupata faida na akawekeza katika visima vya mafuta, akapata hasara kubwa. Mwaka 1908 hataza zake zilikuwa zimekwisha muda. Injini ilikuwa inaenea duniani, lakini mapato hayakuwa yake tena.

Mafuta ya karanga na mawazo ya ushirika

Katika maonyesho makubwa ya Paris ya mwaka 1900, injini ya Diesel ilipata tuzo ya juu. Hapo injini moja ndogo iliendeshwa kwa mafuta ya karanga. Serikali ya Ufaransa ilivutiwa na jaribio hilo ikizifikiria koloni zake za Afrika, ambako karanga zilikuwa nyingi na makaa ya mawe hayakupatikana kwa urahisi. Diesel mwenyewe alilizungumzia miaka kadhaa baadaye, akiamini kwamba mafuta ya mimea yangekuja kuwa na umuhimu mkubwa.

Wapo leo wanaosikia habari hiyo na kumimina mafuta ya kupikia kwenye tangi la lori. Tahadhari inahitajika. Mafuta ya mimea ni mazito kuliko dizeli, huganda penye baridi, huziba filta na kuacha masizi kwenye nozeli. Yanafaa yakipashwa joto kwa mfumo maalumu, au yakishageuzwa kiwandani kuwa dizeli ya mimea. Kuchakachua dizeli kwa mafuta ya taa, mchezo unaojulikana sana Tanzania na kwingineko, nako kuna madhara. Injini ya 1897 ilitumia mafuta ya taa, ni kweli, lakini iliyapuliza kwa hewa. Pampu ya lori la leo hulainishwa na dizeli yenyewe, na mafuta ya taa ni mepesi mno kwa kazi hiyo. Senti zinazookolewa kwenye tangi hulipwa mara nyingi zaidi kwa fundi wa pampu.

Diesel aliitakia injini yake kazi ya kijamii pia. Alikerwa kuona kwamba injini ya mvuke, kwa ukubwa na gharama zake, ilimnufaisha mwenye kiwanda kikubwa na kumwangamiza fundi mdogo. Alitamani mtambo wa bei nafuu usiofuja mafuta, utakaomwezesha fundi wa kijijini kufanya kazi kwenye karakana yake mwenyewe. Mwaka 1903 alichapisha kitabu, Solidarismus, alichopendekeza humo wafanyakazi wachangie fedha kidogokidogo katika mfuko wa pamoja na kuanzisha viwanda vyao. Msomaji wa Afrika Mashariki anayejua vyama vya ushirika na vya kuweka na kukopa hatashangazwa na wazo hilo. Ujerumani ya wakati huo haikulijali, na nakala zilizouzwa zilikuwa chache. Inaelezwa kwamba mwenyewe alikithamini kitabu hicho kuliko injini.

Lori ambalo hakuliona

Injini za Diesel ziliingia kwanza viwandani, kisha majini. Mwaka 1912 meli ya Denmark, Selandia, ilisafiri kutoka Copenhagen hadi Bangkok kwa injini za dizeli. Mwaka huohuo Diesel alitembelea Marekani na kupokewa kwa heshima. Barabarani hali ilikuwa tofauti. Mnamo mwaka 1908 alishiriki kuunda injini ndogo ya lori, lakini haikufaulu. Kikwazo kilikuwa kompresa ile ya kupuliza mafuta: ilikuwa nzito mno kwa gari.

Suluhisho lilipatikana baada ya kifo chake. Prosper L'Orange wa kampuni ya Benz aliunda chumba kidogo cha kuanzia kuwaka mafuta, na katika miaka ya 1923 na 1924 malori ya kwanza ya dizeli ya Benz na MAN yalionekana Ujerumani. MAN ilitokana na kiwanda kilekile cha Augsburg. Kisha kampuni ya Robert Bosch ikaunda pampu ndogo ya kusukumia mafuta, iliyoanza kutengenezwa kwa wingi mwaka 1927. Pampu hiyo ndiyo iliyoiondoa kompresa na kuipeleka dizeli katika kila barabara ya dunia.

Usiku wa meli ya Dresden

Jioni ya tarehe 29 Septemba 1913, Rudolf Diesel alipanda meli iitwayo Dresden mjini Antwerp, Ubelgiji, kuelekea Harwich, Uingereza. Alikuwa anakwenda kwenye mkutano wa kampuni iliyokuwa ikiunda injini zake huko, akiwa na wenzake wawili. Walikula chakula cha usiku, wakatembea kidogo juu ya meli, na kama saa 4 usiku akaingia chumbani kwake baada ya kuagiza aamshwe asubuhi mapema.

Asubuhi hakuwemo. Nguo yake ya kulalia ilikuwa imetandazwa bila kuvaliwa, na kitanda hakikulaliwa. Kofia na koti lake vilikutwa karibu na uzio wa meli upande wa nyuma. Siku kama kumi baadaye, mabaharia wa Uholanzi waliona maiti ikielea baharini. Hali ya mwili ilikuwa mbaya, hivyo walichukua vitu vya mfukoni na kuuacha mwili baharini. Mwanawe Eugen alivitambua vitu hivyo kuwa vya baba yake.

Uvumi ulizagaa. Wapo waliosema aliuawa na majasusi kwa sababu vita vilikuwa vinakaribia na injini yake ilitumika katika nyambizi. Wengine waliwanyooshea kidole wafanyabiashara wa mafuta. Hakuna aliyethibitisha lolote. Baada ya kifo chake ilibainika kwamba madeni yake yalikuwa makubwa kuliko mali zake, na kwamba kabla ya safari alimwachia mkewe begi na kumwomba asilifungue mara moja. Ndani mlikuwa na fedha taslimu na hesabu zilizoonyesha jinsi alivyofilisika. Kwa sababu hiyo wanahistoria wengi wanaona kwamba alijitoa uhai.

Kilichobaki uani

Tukiyatazama maisha haya kwa ujumla, tunaona kwamba Diesel alipata alichokitaka kwa njia asiyoitarajia. Mfuko wa wafanyakazi haukuanzishwa. Viwanda vikubwa ndivyo vilivyovuna zaidi. Lakini mtambo wake ulifika mikononi mwa watu aliowafikiria: mtu mwenye lori moja, boksi la spana na kijana wa kumsaidia, anayebeba mahindi, mchanga au ndizi na kujilipia ada za watoto.

Uwezo huo sasa uko katika mabadiliko. Malori mapya yanasukuma mafuta kwa shinikizo la bar 1,600 na zaidi, yakiongozwa na kompyuta, na hitilafu zake nyingi husomwa kwa kifaa cha umeme kabla spana haijaguswa. Yanatumia mafuta vizuri zaidi na kutoa moshi mchache, jambo lenye faida kwa afya ya miji. Lori la zamani halina sifa hizo. Lakini ndilo ambalo mwenyewe anaweza kulisikiliza, kulifungua na kulifunga tena nyumbani, mradi ajue hewa inabanwa, mafuta ni safi na maji yapo. Fundi mdogo aliyemsumbua Diesel akilini hakuwa anahitaji injini peke yake, alihitaji pia injini anayoweza kuielewa. Iwapo lori la kesho litamwachia nafasi hiyo ni swali ambalo wenye gereji na watunga sera wanapaswa kulijibu pamoja.